Miaka 23, Forester ya tabo, na ofisi ya bima ya ghorofa ya pili mjini Nakuru

Kaka yangu alipopata kazi Doha, aliniachia Subaru Forester yake ya mwaka 2016 kwa bei ya undugu, niimalizie kidogo kidogo. Nilikuwa na umri wa miaka 23, na leseni yangu ya udereva ilikuwa imetimiza miezi 14 tu. Bima yake ilikuwa inaisha mwezi Machi, nami nilihitaji kukata nyingine kwa jina langu, kwa kuwa bima haihami pamoja na logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Nilizunguka Nakuru kwa karibu wiki mbili, nikauliza bei katika kampuni tano na kwa mawakala wawili, hadi nikatua katika ofisi moja ya wakala iliyo ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Barabara ya Kenyatta, juu ya duka la vipuri. Sasa nimemaliza naye mwaka mzima na nimedai fidia mara moja, kwa hiyo ninaweza kumtathmini kwa haki. Jina la ofisi silitaji, kwa sababu ni watu watatu tu na simu yao tayari haipumziki. Anayewahitaji awaulize wauza vipuri walio chini. Kampuni zilizonikataa nazo nimeziachia siri yao.

Kwanza nieleze gari lenyewe, kwa maana hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Forester za umbo hili zilizouzwa Japani zipo za aina mbili ambazo mpita njia hawezi kuzitofautisha kwa urahisi. Ya kawaida ina injini ya sentimita za ujazo 1,995 na nguvu za farasi 148. Ya XT, ambayo ndiyo yangu, ina injini ya sentimita za ujazo 1,998, lakini kwa sababu ya tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, nguvu zake zinafika farasi 280. Tofauti ya ujazo ni sentimita tatu, ilhali tofauti ya nguvu inakaribia maradufu. Tena hii haina lile tundu la hewa juu ya boneti lililokuwa likiwafichua ndugu zake wa zamani. Fomu nyingi za bima nilizojaza ziliuliza ujazo wa injini, wala hazikuwa na mahali pa kuandika nguvu. Kijana mwenye tamaa angeweza kuandika "Subaru Forester, 2000" na kunyamaza, na wapo walionishauri hivyo waziwazi, mmoja wao akiwa ni karani wa bima.

Katika kampuni ya kwanza niliambiwa kwamba kwa umri wangu na gari hilo wangenipa bima ya mtu wa tatu pekee, ile ambayo mtaani tunaiita thedi pati. Hiyo ndiyo bima ambayo sheria inailazimisha kwa kila gari barabarani, chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, na inamlinda yule utakayemgonga. Kwa kifo au jeraha, kiwango cha juu cha fidia kwa mtu mmoja ni shilingi milioni 3. Gari lako mwenyewe likiharibika au likiibwa, hiyo bima haina habari nawe. Kwa mtu ambaye bado anamlipa kakake kila mwezi kwa ajili ya gari lenyewe, hilo lilikuwa sawa na kuniambia nilale nje wakati wa mvua. Kampuni ya pili ilikubali kunipa bima kubwa, ile inayokinga hata gari lako mwenyewe, kwa asilimia 6 ya thamani ya gari. Ya tatu iliniomba nirudi nikiwa na mzazi. Ya nne haikunipigia simu hadi leo. Ya tano ndiyo iliyonitia tamaa, kwani ilitaja asilimia 3.5, na karani akanihakikishia kwa tabasamu pana kwamba umri wangu haukuwa na tatizo lolote.

Ni huyu wakala wa ghorofa ya pili aliyenifungua macho kuhusu hiyo asilimia 3.5. Ni mama wa makamo, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni, na mezani pake ana rula ya mbao ya shule pamoja na kalamu ya wino mwekundu. Nilimpelekea ile karatasi ya bei nikidhani ataniahidi ya chini zaidi. Hakuitazama bei. Aliigeuza hadi ukurasa wa tatu, akaiweka rula chini ya mstari mmoja mwembamba, akaniambia, "Hebu soma hapa kwa sauti, kijana wangu."

Nilisoma. Mstari ulisema kwamba eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe kabla ya kampuni kutoa chochote, ilikuwa asilimia 5 ya thamani ya gari. Chini yake palikuwa na mstari mwingine uliosema kwamba aliyeshika usukani akiwa na umri wa chini ya miaka 25, au leseni isiyotimiza miaka miwili, ataongeza shilingi 30,000 juu ya hiyo. Gari langu lilikuwa limethaminiwa kwa shilingi 2,350,000. Kwa hiyo asilimia 5 ni 117,500, na ukijumlisha 30,000 unapata 147,500. Ajali yoyote ambayo matengenezo yake hayangezidi kiasi hicho ingekuwa yangu peke yangu, huku nikiwa nimelipa bima kubwa.

"Umri wako wameuona," alisema, "ila wameuweka mahali ambapo utauona siku umegonga."

Maneno hayo ndiyo ninayotaka kila kijana anayenunua gari lenye nguvu ayashike. Katika nchi nyingine dereva mchanga hutozwa bei ya juu waziwazi tangu mwanzo. Kwa kampuni zilizokubali kunitajia bei hapa Nakuru, bima kubwa ilikokotolewa hasa kwa thamani ya gari; mzee wa miaka 60 na mimi tungetajiwa asilimia ileile kwa gari lilelile. Ujana na nguvu za injini hulipiwa kwingine: katika eksesi, katika masharti ya kifaa cha kufuatilia gari, na katika orodha ya mambo yasiyokingwa. Ukilinganisha asilimia ya bei peke yake, unalinganisha majalada ya vitabu.

Baada ya hapo aliniomba tushuke tukalione gari. Sijawahi kumwona wakala mwingine akifanya hivyo. Wengine walitosheka na picha za simu. Alinifungulisha boneti, akainama, akauliza ekzosi ni ya kiwandani au imebadilishwa. Nilisita. Kaka alikuwa amefunga ya kununua, yenye mlio mzito unaosikika kutoka mtaa wa pili. Mama yule hakunikemea. Alieleza kwamba bima ni mkataba wa uaminifu kamili, na kwamba mwombaji asipotaja jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni, kampuni inaweza kuukana mkataba wakati ule unaouhitaji zaidi. Tulirudi juu akaandika kwa mkono wake kwenye fomu ya maombi: injini yenye tabo, nguvu za farasi 280, ekzosi si ya kiwandani, rimu za inchi 18. Fomu haikuwa na nafasi ya maneno hayo, kwa hiyo aliyaandika pembeni, nami nikatia sahihi mbele ya kila moja. Kampuni aliyoipelekea ilikubali kwa sharti moja tu, kwamba nifunge kifaa cha kufuatilia gari.

Hapa kuna suala la baba yangu. Mzee alikuwa na hoja ambayo najua wazazi wengi wanayo: gari liandikwe kwa jina lake, bima iwe yake, nami niendeshe tu. Ana leseni tangu kabla sijazaliwa na hajawahi kugonga hata kuku. Nilimpeleka ofisini ajisikilizie. Wakala alimpa kiti, akamsalimia kwa heshima zote, kisha akamwonyesha kwa rula ileile kwamba mstari wa dereva kijana haumtaji mwenye logbuku. Unamtaja aliyekuwa nyuma ya usukani saa ya ajali. Jina la mzee lisingeniokolea hata shilingi moja, na pengine lingezua swali la nani hasa ana maslahi katika gari hilo. Mzee alitafakari, akasema, "Basi kumbe wanamkinga mtu, si karatasi," akaagiza chai. Tangu siku hiyo humwita wakala huyo mwalimu.

Nilipolipa, hesabu ilikuwa hivi. Asilimia 4 ya 2,350,000 ni shilingi 94,000. Kinga dhidi ya ghasia za kisiasa na ugaidi, asilimia 0.25, ni 5,875. Kwa mkazi wa Nakuru anayezikumbuka siku za machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanzo wa mwaka 2008, sihitaji kueleza kwa nini niliichukua. Kinga ya eksesi, ambayo kazi yake ni kulipa ile sehemu ambayo ningejilipia, nayo ilikuwa 5,875. Jumla ni 105,750. Juu yake kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa Mfuko wa Fidia wa Wenye Bima wa asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa shilingi 40, na kwa hiyo nilitoa 106,266. Kifaa cha kufuatilia gari nilikilipia mbali, shilingi 14,000. Nilipumua nilipokumbuka kwamba Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulikuwa umekuja na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani, isiyopungua 5,000 wala kuzidi 100,000, ikusanywe wakati uleule wa kukata bima. Pendekezo hilo liliachwa, na mwezi Juni muswada mzima ukaondolewa baada ya maandamano. La sivyo ningeongeza shilingi 58,750 papo hapo.

Huenda mtu akauliza kwa nini nisitaje thamani ndogo, tuseme milioni 1.8, ili nipunguze malipo. Nilimuuliza swali hilohilo. Alinijibu kwa kipande cha karatasi: gari la 2,350,000 lililokatiwa bima ya 1,800,000 limekingwa kwa takriban robo tatu tu, na kampuni ina haki ya kulipa kila hasara kwa uwiano huo, hata iwe ni bampa peke yake. Kuhusu wizi alikuwa mkali zaidi. Katika mkataba wangu, gari likiibwa likiwa na kifaa cha kufuatilia, ninabeba asilimia 10 ya thamani, yaani 235,000. Lisipokuwa nacho, ninabeba asilimia 20, yaani 470,000. Kinga ya eksesi haigusi wizi, wala haigusi ule mstari wa dereva kijana, ambao katika mkataba huu ni shilingi 10,000. Mambo haya mawili aliyapigia mstari mwekundu kabla sijatoa hata senti, na kwa hilo ninampa alama zote.

Sharti jingine lililopigiwa mstari lilihusu mashindano. Mkataba haulipi hasara inayotokea katika mbio, rali au majaribio ya kasi. Sisi wa kaunti hii tunaishi na Safari Rally mlangoni tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, na kila mwaka msafara wa Subaru huteremka kwenda kutazama. "Kwenda kutazama umekingwa," aliniambia. "Mkianza kupimana nguvu mkirudi, hukukingwa." Aliyasema hayo huku akinitazama juu ya miwani kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kasoro zipo. Kati ya saa saba na saa nane mchana hakuna anayepokea simu. Uthamini wa gari ulichukua siku nne, na kwa siku mbili kati ya hizo bima ya kaka ilikuwa imeisha, kwa hiyo gari lilikaa nyumbani Section 58 nami nikapanda matatu kwenda kazini. Mahali pa kuegesha pale chini ni shida tupu; Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini sioni kama magari yamepata nafasi zaidi. Malipo kwa awamu hayapatikani moja kwa moja, kwani sheria inataka kampuni ilipwe kabla ya kinga kuanza, na anayetaka kulipa kidogo kidogo hulazimika kupitia mkopo wa benki wenye riba yake. Cheti chenyewe hakina usumbufu: siku hizi ni cha kidijitali, na kiliingia kwenye barua pepe yangu kabla sijashuka ngazi.

Mwezi Agosti ndipo huduma ilipojaribiwa. Nilikuwa nikirudi mjini kutoka Njoro jioni, giza likianza kuingia, nikiwa kwenye kilomita 60 hivi kwa saa, nilipokutana na mkokoteni wa punda usio na taa wala kiakisi. Nilikanyaga breki nikakwepa, lakini pembe ya kushoto ya gari ililipata gurudumu la nyuma la mkokoteni. Mitungi ya manjano ya lita 20 ilitawanyika barabarani, maji yakamwagika yote, na punda akabaki amesimama palepale akitikisa masikio kana kwamba anasubiri nimalize. Mwenye mkokoteni hakuumia, Mungu ni mwema. Bampa langu lilipasuka, taa kubwa ya kushoto ikavunjika, na rejeta ikaanza kuvuja. Zile nguvu za farasi 280 hazikuhusika kabisa; hata Probox ingegonga.

Nilimpigia wakala saa moja na nusu usiku, akapokea. Aliniuliza kwanza kama kuna aliyeumia, kisha akanipa maagizo mafupi: piga picha kabla gari halijasogezwa, usikubali kosa wala kumlipa mtu chochote pale barabarani, nenda polisi, na usiwashe injini ikiwa rejeta inavuja. Asubuhi nilikuwa na abstrakti ya polisi mkononi, yaani hati ya kuthibitisha kwamba ajali imeripotiwa, na fomu ya kudai fidia tukaijaza pamoja, tukiwa ndani ya saa 48 zinazotakiwa na mkataba. Mkaguzi wa hasara alikuja siku ya tatu. Alizunguka gari mara mbili, akauliza kuhusu ekzosi. Nilimwonyesha nakala ya fomu yenye maandishi ya pembeni na sahihi zangu. Aliisoma, akaipiga picha, akaendelea na kazi yake. Ule ukimya wake ndio ulionifanya nielewe thamani ya dakika kumi ambazo yule mama alizitumia ameinama juu ya injini yangu.

Matengenezo yaligharimu shilingi 186,000. Eksesi ya kawaida katika mkataba wangu ni asilimia 2.5 ya thamani, yaani 58,750, na hiyo ililipwa na ile kinga ya eksesi. Mimi nilitoa 10,000 za dereva kijana. Gurudumu la mkokoteni lililipwa na kampuni chini ya kinga ya mali ya mtu wa tatu, ingawa mwenyewe alisubiri wiki tano, na niliona haya kila nilipompita njiani. Gereji ilikaa na gari siku 23, nyingi kati ya hizo zikiwa za kusubiri taa. Hapo simlaumu wakala, ila angeniambia mapema kwamba mkataba haukuwa na gari la kutumia wakati wa matengenezo. Hilo rula yake haikulifikia.

Usiku mmoja nilikaa nikalinganisha na ile kampuni ya asilimia 3.5. Kwao ningelipa 82,660 pamoja na tozo, kisha ajali hii ingenigharimu 147,500 za eksesi, jumla 230,160. Huku nimetoa 106,266 na 10,000, jumla 116,266. Tofauti ni zaidi ya laki moja na elfu kumi na tatu, kwa sababu ya punda mmoja.

Machi hii nimeweka bima upya palepale. Alinipigia wiki tatu kabla, akanitaka nipeleke gari likathaminiwe tena, na sasa limeshuka hadi 2,150,000. Punguzo la wasiodai nimelikosa kwa sababu ya ajali, hivyo nimelipa asilimia 4 kamili, yaani 86,000 kabla ya nyongeza. Leseni yangu imeshapita miaka miwili, lakini ule mstari wa dereva kijana bado unanihusu hadi nitimize miaka 25 mwezi Septemba. Nilipouliza kama utaondoka wenyewe siku hiyo, alichukua kalamu yake, akazungushia tarehe yangu ya kuzaliwa duara jekundu kwenye faili, akaniambia nije na nakala ya kitambulisho asubuhi yake, kabla ya saa saba.